Kete Nyingi Hazishindi Bao

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe Mtumba, Dodoma, mwaka 2019, mafundi ujenzi, watumishi waliotoka Dar es Salaam na Wagogo wenyeji wanakutana kwenye vijiwe, na bao linachezwa. Linachezwa kwa bidii, lakini wanaoanza wanafundishwa maneno yanayowafungisha. Nayajibu hapa, kwa sababu mchezo huu unastahili kufundishwa vizuri.

"Mwenye kete nyingi ndiye mwenye bao." Si kweli. Bao la Kiswahili lina kete 64, na hakuna hata moja inayotoka ubaoni. Zinahama upande tu. Wala sheria haimpi ushindi mwenye nyingi. Unashinda mwenzako akikaukiwa safu ya mbele au akikosa pa kucheza. Mtu anaweza kuwa na kete 40, karibu zote zikiwa nyuma, na mbele zimebaki mbili tatu. Hizo zikiliwa, amefungwa, na akiba yake yote imekaa inatazama. Jeshi lililojificha kambini halijalinda mpaka.

"Nyuma hakuliwi, basi jaza nyuma." Hapa kuna nusu ya ukweli, ndiyo maana kauli hii inawapoteza wengi. Ni kweli mpinzani anakula mashimo ya mbele tu. Lakini ukishaingia kwenye mtaji, kete za mkononi zikiwa zimekwisha, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula. Ukiwa huna pa kula, unatakata, yaani unasambaza bila kula, na kutakata kunaanzia safu ya mbele maadamu kuna shimo lenye kete mbili au zaidi. Kwa hiyo shimo ulilolinonesha kwa uvumilivu linaweza kukaa hapo, haliui wala haliokoi, huku mwenzako akila mbele.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: wanatawanya kete moja moja kila mahali ili wasiliwe nyingi kwa mpigo. Nalo ni kosa. Katika mtaji, shimo la kete moja halichezwi, na ukibakiwa na moja moja tupu umeshindwa. Jeshi lenye uwiano ni lenye mashimo kadhaa ya kati, ya kete mbili mpaka 15, nyuma na mbele, yanayofika mahali tofauti ukiyasambaza. Usitazame ubao kwa wingi wa kete. Jiulize: zamu ijayo nina njia ngapi za kula, na yeye anazo ngapi?

"Nyumba isiguswe." Huu ndio ushauri unaotolewa kwa sauti kubwa kuliko yote. Kila mchezaji anaanza na kete sita kwenye nyumba, shimo lake maalumu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Nyumba ina heshima yake: wakati wa namua, kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa ubaoni, ukila na kete yako ya mwisho ikaangukia humo, unaweza kusimama badala ya kuendelea, iwapo haijapungua sita. Lakini nyumba iko safu ya mbele, nayo inaliwa kama shimo jingine lolote. Ukiiacha inone bila mpango, umemwekea mpinzani karamu: akiila, anazisambaza kete zako upande wake kuanzia kichwa, shimo la pembeni la safu ya mbele, na mara nyingi zamu hiyo haikomi upesi. Msimamo wangu ni huu: nyumba inalindwa ili itumike. Ukiona njia ya kuila inamfungukia mpinzani na wewe una nafasi ya kuisafirisha, yaani kuzisambaza kete zake, isafirishe.

"Bao ni bahati." Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, kila kete inaonekana. Alex de Voogt, Mholanzi, aliandika tasnifu ya Leiden mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, na alichokichunguza ni uwezo wao wa akili: kufuata kichwani mizunguko ya kete kabla mkono haujagusa ubao.

Anayeanza leo aanzie bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, bila nyumba wala namua. Na wewe unayemfundisha, kabla hajacheza mwache ahesabu kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Usimhesabie.