Kazi za jiji na neno "muda"

Naripoti habari za halmashauri, na kila nafasi za kazi zinapotajwa nasikia swali lile lile: "Una mtu pale?" Si cheti, si uzoefu. Mtu!

Ndugu zangu, ugonjwa huu si wetu peke yetu. Chukueni Chicago, Marekani. Mwaka 1895 wapiga kura wa jiji hilo walikubali sheria ya utumishi: kazi zitolewe kwa mtihani. Safi kabisa kwenye karatasi. Lakini palibaki mlango wa nyuma, nao ni ajira ya muda. Wakubwa wakautumia. Mitihani ikawa haiitishwi, na watu "wa muda" wakaongezewa muda mwaka hadi mwaka. Enzi za Meya Richard J. Daley (1955 hadi 1976), maelfu walijua kwamba ugali wao unategemea kura wanazokiletea chama.

Mwaka 1969 mwanasheria Michael Shakman alikwenda mahakamani kuupinga mtindo huo. Amri za mahakama za 1972 na 1983 zikapiga marufuku kufukuza na kuajiri kwa siasa, isipokuwa nafasi chache maalumu. Hata hivyo, mwaka 2006 ofisa wa ofisi ya meya na wenzake watatu walitiwa hatiani kwa kuhusika na mchezo wa kupika usaili. Mahakama iliacha kulisimamia jiji mwaka 2014. Kutoka 1895 ni miaka 119!

Sisi tuna Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na Sekretarieti ya Ajira. Ni hatua kubwa, naiunga mkono. Wasiwasi wangu ni vibarua na watu wa mkataba wanaochukuliwa na halmashauri zenyewe, kama mgambo na wakusanya ushuru. Hao ndio wanaokutana na mama lishe na machinga kila asubuhi. Aliyepewa kazi na mkubwa fulani atamsikiliza huyo mkubwa, sheria baadaye.

Kwa hiyo napendekeza: kila nafasi ya muda itangazwe, alama za usaili zibandikwe ubaoni, mkataba ukiisha nafasi ishindaniwe upya, na aliyeachwa awe na pa kukata rufaa. Bila hivyo, mlango wa mbele tutaufunga kwa kufuli huku wa nyuma uko wazi.

Nawasilisha. Wewe unasemaje?