Tusingoje sindano ya kutibu kokeni
Na Protus Shikuku

Mzazi wa Kakamega akigundua mwanawe anatumia kokeni, swali lake la kwanza hospitalini huwa: atachomwa sindano gani apone? Hakuna. Mraibu wa heroini ana methadoni, ambayo Kenya ilianza kuitoa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Wa kokeni hana dawa yoyote iliyoidhinishwa kumtibu uraibu wake.

Kokeni ina hila yake. Tunapofurahia jambo, ubongo hutoa dopamini kisha huirudisha ghalani. Kokeni huziba mlango wa ghala. Dopamini ikarundikana nje, mtu akajiona mfalme. Anayenusa hustarehe nusu saa hivi, halafu huzuni inamwingia pamoja na kiu ya kunusa tena. Moyo nao unakimbizwa huku mishipa yake ikibanwa, ndiyo maana hata kijana mwenye nguvu zake hupatwa na mshtuko wa moyo. Akichanganya na pombe, iwe bia au chang'aa, ini hutengeneza kokaethilini, sumu inayokawia mwilini kuliko kokeni yenyewe.

Tiba iliyopo ni watu. Mshauri nasaha humfunza mraibu kutambua marafiki, mahali na saa zinazomwamshia kiu. Njia iliyofaulu zaidi katika tafiti ni ya zawadi: mkojo ukipimwa ukawa safi, mgonjwa hupewa vocha, na thamani yake hupanda kadiri anavyozidi kujizuia. Wapo watakaolalamika kwamba tunamlipa mtu aache uovu. Kwani kumfunga ni bure? Polisi, hakimu na askari jela wote hulipwa kwa kodi yetu.

Msako una kazi yake. Desemba 2004 polisi walinasa zaidi ya tani moja ya kokeni Malindi na Nairobi, ikateketezwa 2006. Biashara haikufa, maana wateja walibaki na kiu yao.

Kaunti isiitupie Nairobi lawama. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya na udhibiti wa dawa za kulevya. Bajeti ijayo iajiri washauri waliosomea uraibu, wawe Malava na Butere pia, si mjini tu, kwa kuwa matibabu haya huchukua miezi na nauli humkatiza mgonjwa njiani. Tukiitwa kutoa maoni ya bajeti, tudai washauri hao kwa idadi na kwa jina la hospitali, kama tunavyodai barabara.