Hiyo asilimia 3 iko wapi?

Kwenye ajira za watu wenye ulemavu, mwajiri ameachwa apite hivi hivi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Nani anakagua? Jirani yangu kiziwi ana cheti cha ushonaji. Suti yake huoni hata uzi unaoning'inia. Akiomba kazi anaambiwa, "Tutakupigia." Kumpigia kiziwi, jamani! Wanaosingizia mawasiliano waende Iringa, mgahawa wa Neema Crafts: wahudumu viziwi, unaandika agizo kwenye karatasi, chakula kinakuja. Vyuo navyo viweke wakalimani wa lugha ya alama darasani. Njia ya kiti mwendo pale mlangoni pa chuo haimsaidii asiyesikia.