Kwa Wale Wanaoambiwa Hawana Imani

NENO LA JUMA
Na Elirehema Nnko

Katika mji wetu wa Arusha, tangu Sakina hadi Usa River, ni nadra siku hizi kupita juma zima pasipo kuonekana bango jipya la semina ya maombi, la mkesha, au la siku za kufunga zilizotajwa idadi yake, na aghalabu chini ya picha ya mtumishi huandikwa ahadi kwamba atakayehudhuria atafunguliwa ndoa, biashara, safari na uzazi. Sina neno juu ya kukesha wala kufunga, maana Bwana wetu mwenyewe alifunga, naye alikesha mlimani akiomba. Walakini imeota mizizi kati yetu dhana kwamba ukaribu wa mtu na Mwenyezi Mungu hupimwa kwa ukali wa sauti yake, kwa urefu wa mkesha wake, na hasa kwa wingi wa majibu aliyokwisha kuyapokea na kuyatolea ushuhuda.

Dhana hii ingalikuwa jambo dogo kama ingalimdhuru yule tu aishikaye, lakini wanaoumia nayo ni wagonjwa na wafiwa. Mama aliyemwombea mwanawe usiku na mchana, na mwana akafa, huketi matangani akamsikia mgeni, tena mgeni mwenye nia njema, akimwambia kwamba imani ingalikuwa kamili mauti yasingaliingia nyumbani mwake. Nimeyasikia maneno hayo katika misiba ya huku kwetu Meru, na sijapata kusikia tusi zito kuliko hilo juu ya mtu aliyekwisha kulemewa.

Nasi watu wa mlima huu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hoja. Mwaka 1896 vijana wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri wakikusudia kuanzisha kituo cha Injili, na usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba walivamiwa wakauawa, wao pamoja na Wachaga watano waliofuatana nao. Walikuwa watu wa sala, na safari yao ilikuwa imewekwa mikononi mwa Mungu, nao wenyewe na hao waliowatuma. Kisha yakaja majeshi ya Wajerumani kulipiza kisasi, yakaua na kuteketeza na kunyang'anya ng'ombe, wasio na hatia wakaadhibiwa pamoja na wenye hatia, nao huo ukawa msiba wa pili. Kituo kilijengwa Nkoaranga mwaka 1902, na kingine Ilboru mwaka 1904, na maelfu ya wajukuu wa watu wa zama zile husali leo katika sharika zilizochipuka hapo. Kwa kipimo cha mabango yetu, wale saba wa Akeri walikuwa watu waliokosa imani, kwa kuwa hawakulindwa. Simjui Mkristo wa Meru awezaye kuthubutu kulitamka neno hilo. Basi twapata wapi ujasiri wa kulitamka mbele ya mama mfiwa?

Mwaka 2011 tuliona jinsi kiu ya watu ilivyo kubwa, pale maelfu kwa maelfu walipoelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ili wanywe kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500, dawa ambayo ilisemwa kwamba haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wake mwenyewe. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani wakingoja zamu. Siwalaumu, maana mwenye maradhi yasiyopona hushika atakachokiona. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kuyakanyaga mafuta ya upako. Kila niwakumbukapo hao huniuma, kwa sababu hawakwenda kutafuta jambo baya. Walikwenda kumtafuta Mungu, ila walikuwa wamefundishwa kwamba yeye hupatikana mahali fulani, kwa saa fulani, kwa mkono wa mtu fulani aliyesimama kama dalali kati yao na Muumba wao.

Maandiko hayakufundisha hivyo. Hana, mke wa Elkana, alipoomba kule Shilo midomo yake ilicheza wala sauti haikusikika, na kuhani Eli, mtu mzima katika kazi ya madhabahu, alimtazama akadhani amelewa. Kisa hiki kingestahili kuhubiriwa kila mwaka katika kila dhehebu, kwa kuwa kinamwonyesha mwenye cheo cha ibada akishindwa kuutambua ukaribu na Mungu uliokuwa mbele ya macho yake. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, asiondolewe. Na Yesu mwenyewe katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, kisha akasulubiwa. Atakayeshika kwamba ombi lisilojibiwa kama lilivyotakwa ni dalili ya umbali, sharti atueleze la kusema juu ya Gethsemane.

Wala sisi wa ibada za utaratibu tusijidhanie salama, maana wako miongoni mwetu waliomkabidhi mchungaji sala zao zote, wasiofungua kinywa mbele za Mungu tangu Jumapili hadi Jumapili, na bado humdharau jirani anayelia kwa sauti. Kilio chake huenda ni cha kweli kuliko ukimya wao.

Basi nawasihi wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi vya maombi: mwendapo juma hili kwa mgonjwa au mfiwa, ombeni pamoja naye, mkae naye, wala msimdai hesabu ya imani yake. Na mtu yeyote asimwambie mgonjwa aache dawa ili aonyeshe kwamba anamwamini Mungu. Kanisa lililowaombea wagonjwa wa Meru na Arusha ndilo lililojenga hospitali za Nkoaranga na Selian.