Kofia isibaki mlangoni mwa kazi

Ndugu mfanyakazi, ndani ya kazi hakuna anayebishana juu ya kofia ngumu. Ukifika bila kaske, kapita anakurudisha. Lakini saa ya kutoka tunaona nini? Kaske inatundikwa, na mtu yuleyule anapanda pikipiki kichwa wazi, nyuma yake rafiki, pengine marafiki wawili. Jiwe la mgodi analiogopa, lami haiogopi!

Kuna mganga ambaye sisi watu wa madini tungepaswa kumjua kwa jina. Ni Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Alizaliwa mwaka 1896 huko Port Pirie, Australia, mji wa kuyeyusha madini kama miji yetu. Mwezi wa tano 1935, kule Uingereza, aliitwa kumtibu T. E. Lawrence, askari mwenye sifa kubwa tangu vita vya 1914-1918. Lawrence alikuwa juu ya pikipiki, akakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka. Hakuvaa kofia. Siku ya sita akafa.

Vita vya pili vilipokuja, Cairns hakutosheka na kupasua vichwa. Akahesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, watu 2279 walikufa Uingereza kwa ajali za pikipiki, waendeshaji pamoja na waliobebwa nyuma, na jeraha la kichwa ndilo lililoua wengi kupita mengine yote. Akatafuta pia walioumia wakiwa na kofia. Alipata saba, na hata mmoja hakufa. Aliyaandika hayo mwaka 1941 katika gazeti la waganga, British Medical Journal. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule jeshi likaamuru waendeshaji wake wavae kofia kazini.

Utasema saba ni wachache. Ni kweli. Lakini mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Raia wa Uingereza walilazimishwa na sheria mwaka 1973 tu, Cairns akiwa amekufa miaka 21. Sisi tunangoja nani?

Ubongo ni laini, unaelea katika maji ndani ya mfupa. Kichwa kikisimama ghafula juu ya barabara, ubongo unaendelea kwenda, unagonga mfupa, mishipa inakatika. Sponji ngumu iliyo ndani ya kofia ya pikipiki inabonyea na kupunguza nguvu ya pigo. Kwa hiyo usinidanganye na kaske ya mgodi. Ile imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu. Ukianguka nayo barabarani, inaruka kabla yako. Na kofia ya pikipiki isiyofungwa kamba chini ya kidevu ni hivyohivyo.

Wengine wanasema kofia ya taksi ina chawa na jasho la watu. Hapo siwacheki, ni kweli. Weka kitambaa safi ndani, uvae. Bei nayo ni shida ya kweli, na hapa naomba wakubwa wa kompani wasikie: wanunue kofia nyingi pamoja, wakate bei kidogo kidogo kwenye mshahara. Mtu aliyelindwa saa nane kazini asipotee katika robo saa ya kurudi nyumbani.

Na ninyi mama zetu: mtu akianguka na pikipiki, akaamka akasema « niko salama », msimwache alale bila mtu wa kumwangalia. Damu inaweza kujaa polepole kati ya mfupa na ubongo. Akianza kutapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia na kuamshwa kwa shida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji na damu vikitoka masikioni, msingoje asubuhi. Mleteni hospitali usiku huohuo, shingo imeshikwa isipinde, na akitapika mgeuzeni mwili wote pamoja.