Neno la Mwalimu: Somo la Kuchora

Jamaa zangu, hapa Malvern kila msimu wa kuchagua masomo nasikia wazazi wakisema: "Kuchora kwa nini? Mtoto ashike hesabu." Ontario hudai krediti 30 ili kuhitimu sekondari, na moja lazima iwe ya sanaa. Wengi wetu huifanya hiyo moja kuwa kikomo.

Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro, ndiye aliyekuwa balozi wa Tanganyika London baada ya uhuru wa 1961. Madrasani nasi, mwalimu hakuvumilia alifu iliyopinda. Mkono ukifunzwa, jicho nalo hufunzwa.

Basi mtoto akitaka somo la pili la kuchora, tutazame kazi yake kwanza kabla ya kumkataza. Wassalaam.