Vizazi vitatu vya kusimama pembeni

Wadau, leo nina la moyoni. Kila mbio za magari zikifika Iringa, sisi waandishi tunaandika habari ileile: fulani karithi usukani kwa baba yake. Tunapiga picha baba na mwana, tunasema "mchezo uko kwenye damu." Nimeandika hivyo mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Sasa hiyo damu imenichosha.

Familia yetu nayo ina vizazi vitatu kwenye mchezo huu. Babu alifuatilia Safari Rally redioni mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walipoibuka washindi na Volvo yao. Baba ni fundi gereji hapa Mbeya, Mwanjelwa. Corolla ikipita barabarani anaisikia tu na kukwambia inaumwa nini. Mimi nina kalamu na kitambulisho cha gazeti. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufunga mkanda ndani ya gari la mashindano. Tulichorithishana ni kusimama pembeni na kula vumbi.

Sina ugomvi na wanaorithi. Ahmed Huwel akipita, Iringa nzima inashangilia na mimi nimo. Kule Kenya, McRae Kimathi ni mtoto wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani. Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3 kwenye Safari ya 2022, baba yake pia alikuwa dereva. Mtoto aliyekulia gereji ataupenda mchezo. Lakini jamani, hata mimi nimekulia gereji! Kinachorithiwa si damu, ni gari. Magari ya daraja la R5 yalipoanza mwaka 2013, bei yake iliwekewa kikomo cha euro 180,000. Fundi wa Mwanjelwa ataanzia wapi?

Aanzie kwenye gari bovu. Uingereza walianza hivyo Ijumaa Kuu ya mwaka 1954, uwanja wa New Cross, London: magari yaliyochoka, yakaongezwa vyuma, yakazungushwa uwanjani. Wenyewe waliyatengeneza, wenyewe wakayaendesha. Leo nao wana koo zao. Frankie Wainman alikimbiza, akafuata mwanawe Frankie Junior, kisha wajukuu. Urithi si dhambi, ila lazima kuwe na mlango wa kizazi cha kwanza kuingilia.

Nasi tunaweza. Halmashauri itenge kiwanja cha udongo nje ya mji, kizungushiwe tuta. Chama cha Magari Tanzania, AAT, kiweke daraja la magari chakavu: vioo nje, fremu ya chuma ndani, mikanda, helmeti, gari la wagonjwa likisubiri.

Najua mtasema, "Tucheze na magari wakati zahanati hazina dawa?" Swali zuri. Basi pita barabara ya Uyole usiku, uone vijana wanavyoshindana na bodaboda katikati ya malori ya Tunduma. Mbio tayari zipo, ila hazina helmeti wala tuta, na zahanati hiyohiyo ndiyo inayowapokea.

Baba ana miaka 58 na bado anaamka mapema kutengeneza magari ya kukimbizwa na wengine. Tusubiri kizazi cha nne?